Ukumbi na kiwanja cha halmashauri: kamati tunasomewa jumla tu. Nianzie wapi?

Kocha wa Jioni (Arusha)

Wakuu, habari za leo. Naomba mnisome hadi mwisho. Kwa wengine jambo hili litaonekana dogo, ila mimi linaninyima usingizi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na nguo za sherehe, chumba changu cha kazi kiko jirani na soko la Kilombero. Jioni, kuanzia saa kumi na nusu, nafundisha netiboli mabinti wa mtaani kwenye kiwanja cha halmashauri. Mwaka wa saba huu. Pale pana kiwanja cha mpira, cha netiboli, ukumbi wa sherehe, vyoo, na vibanda vinne vya biashara kwenye ukuta wa mbele. Kata sitaitaja, wala jina la kituo, kwa sababu bado naishi hapa na mabinti bado wanacheza pale.

Miaka miwili iliyopita niliingizwa kwenye kamati ya kituo kama mwakilishi wa watumiaji. Tuko saba. Kila robo mwaka tunaitwa, tunasomewa taarifa, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Kikao cha Januari karatasi ya mapato ya Oktoba hadi Desemba ilikuwa hivi, yote: ukumbi 1,950,000, kiwanja 420,000, vibanda 480,000, vyoo 213,500. Jumla 3,063,500. Basi. Nikanyoosha mkono nikauliza ukumbi ulikodishwa siku ngapi. Nikajibiwa takwimu hizo ziko kwa mhasibu, kazi ya kamati ni kupokea taarifa.

Sasa mimi nina daftari la vipimo. Fundi asiyeandika hushona nguo ya mtu mwingine. Nyuma ya daftari hilo nimekuwa nikiandika kila siku ukumbi unapotumika, tarehe na shughuli. Sikuanza kwa nia ya kumtega mtu. Siku ya sherehe magari hujaa hadi juu ya mistari ya kiwanja chetu, na inabidi niwahi kuwaambia mabinti wasije kupoteza nauli ya kifodi. Niliporudi nyumbani jioni ile nikahesabu. Oktoba hadi Desemba: siku 31. Bei iliyobandikwa mlangoni ni 150,000 kwa siku. Gawanya 1,950,000 kwa 150,000 unapata siku 13.

Nilihesabu mara tatu.

Kisha kuna hili linaloniuma zaidi. Novemba nilimshonea mama mmoja magauni ya wasindikizaji kwa send-off ya binti yake. Alipokuja kunilipa salio alifungua simu, na kabla hajafika kwenye namba yangu ukapita ujumbe wa 120,000 kwenda kwa jina la mtu. Akanionyesha kwa kidole. "Hii ndiyo ya ukumbi. Nilipunguziwa thelathini kwa sababu sikutaka risiti." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyepata doti ya kitenge kwa bei nzuri. Ni mteja wangu wa miaka mingi, tunasali pamoja. Sikumjibu kitu.

Na upande wa pili wa ukuta huohuo, mlango wa choo cha kike uling'oka mvua za masika mwaka jana. Mabinti wanapokezana kushika kanga mlangoni mwenzao akiingia. Mmoja wa miaka 13 aliacha kuja mazoezini, na mama yake alinieleza sababu kwa sauti ya chini. Goli moja halina pete, tumefunga waya. Kila nikiuliza naambiwa bajeti haijaruhusu.

Naomba mnaojua mambo ya halmashauri mniambie. Mjumbe wa kamati kama mimi ana haki ya kuona nini hasa? Na naanzaje bila kumchoma yule mama, na bila mabinti kuambiwa kesho kwamba kiwanja kina "matengenezo"?

---

Mstaafu wa Hazina (Moshi)

Mwanangu, pole, na hongera kwa daftari. Nimeshika vitabu vya fedha katika halmashauri tatu hadi nikastaafu. Sasa niko Moshi na migomba yangu, lakini hayo uliyoandika nimeyasoma kama mtu anayesikia sauti ya jirani.

Kwanza, hakikisha mmiliki. Viwanja vingi vikubwa nchini si vya halmashauri. Hapo kwenu uwanja wa Sheikh Amri Abeid ni wa CCM, kama Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya na Jamhuri Dodoma, vyote tangu enzi za chama kimoja. Mapato ya viwanja vile hayaingii kwenye vitabu vya halmashauri, na kamati kama yako isingekuwa na pa kushika. Kama chenu ni mali ya halmashauri kweli, basi kila shilingi ya ukumbi ule ni mapato ya ndani, inasimamiwa na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, na inakaguliwa na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Pili, neno unalotakiwa kulijua ni fedha mbichi. Ni fedha iliyopokelewa ikatumika kabla ya kufika benki. Hairuhusiwi. Hata kama imenunua kitu cha maana, hata kama risiti ya dukani ipo. Fedha inapokelewa, inapelekwa benki nzima kama ilivyo, ndipo inaombwa kwa hati ya malipo. Ukisikia mtu anasema "tulitumia ya mlangoni kununulia balbu," umeshasikia hoja ya ukaguzi. Tangu mfumo wa GePG, ule wa serikali wa malipo ya kielektroniki, uingie mwaka 2017 na halmashauri kuunganishwa nao, malipo ya ukumbi yanatakiwa yawe na kontroli namba, yaani namba ya kulipia inayotolewa na mfumo huo. Mteja analipa benki au kwa simu, na fedha inakwenda akaunti ya halmashauri bila kupita mkononi mwa mtu. Kwa hiyo ule ujumbe wa 120,000 kwa jina la mtu hauhitaji mjadala mrefu.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wenye haki hushindwa. Usiingie kikaoni na hesabu yako ya siku 31. Watakuangusha kwa dakika mbili. Katika hizo 31, ngapi zilikuwa za bure? Mkutano wa mtaa, chanjo, semina ya walimu, hizo huwa na msamaha. Zitoe. Halafu kuna suala la tarehe: harusi ya Desemba inaweza kuwa imelipwa Septemba, ikahesabiwa robo iliyotangulia. Na kati ya malipo 13 ya robo yenu linaweza kuwamo la sherehe ya Januari. Taarifa uliyosomewa inafuata siku ya kulipa, daftari lako linafuata siku ya kutumia. Ni vitu viwili tofauti, na mhasibu mzoefu atasimama kwenye ufa huo akakuonyesha huelewi.

Kwa hiyo usiulize fedha, uliza siku. Omba jedwali lenye safu hizi: tarehe ukumbi ulipotumika, shughuli gani, kiasi, kontroli namba, na kama ni msamaha, nani aliutoa na kwa barua gani. Hakuna tuhuma ndani ya ombi hilo. Ni jambo ambalo msimamizi yeyote wa ukumbi anatakiwa kuwa nalo mezani. Akikataa kulitoa, amejieleza. Akilitoa, unaliweka karibu na daftari lako.

Ombeni kwa maandishi, wajumbe zaidi ya mmoja, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia akiomba taarifa kwa maandishi, mwenye taarifa anatakiwa ajibu ndani ya siku 30. Hapo huombi kama mjumbe wa kamati, unaomba kama Mtanzania. Halmashauri pia ina mkaguzi wa ndani ambaye huandika taarifa kila robo mwaka. Watu humsahau, kumbe ndiye aliye karibu kuliko wote.

Na la mwisho, lisikuvunje moyo. Hata kila siku ikilipiwa, mlango wa choo haupatikani wenyewe. Mapato ya ukumbi yanaingia kapu moja na ushuru wa soko na leseni, yanagawanywa kwa bajeti. Kama kituo chenu hakina mstari wake wa matengenezo kwenye bajeti, fedha ikitoka pale hairudi. Bajeti mpya inaanza Julai mosi. Ulizeni mapema kama mstari huo upo.

---

Chalii wa Stendi (Arusha)

Shikamoo kocha. Shikamoo mzee wa Moshi.

Mimi nimewahi kuwa mkusanya ushuru wa mkataba, mashine ya POS (ile ya kutolea risiti) mkononi, miezi kumi na nne. Sitasema wapi. Nataka kueleza inavyoanza, kwa sababu watu wanadhani inaanza na mwizi.

Kwangu ilianza na bomba. Choo cha kulipia nilichokuwa nasimamia bomba lilipasuka saa mbili asubuhi, maji yanamwagika barabarani, abiria wamejaa. Nilimpigia msimamizi akasema andika barua. Fundi alitaka elfu kumi na nane. Nikatoa kwenye makusanyo ya asubuhi, nikaandika kwenye karatasi, nikaitia mfukoni. Nilijiona nimeokoa jahazi. Wiki iliyofuata ilikuwa kufuli, kisha sabuni. Mshahara ukachelewa miezi miwili, na mimi nina mtoto, nikala pale pale nikisema nitarudisha. Mashine inakumbuka kila kitu. Siku walipotoa taarifa ya mashine yangu, nilichokusanya na nilichopeleka benki vilitofautiana kwa 640,000. Nililipa kwa mwaka mzima, na kazi nikapoteza.

Kocha, muulizeni mtunza ukumbi kama ana mashine kabisa. Mimi nilikuwa nayo, na mashine ndiyo iliyonifunga. Mahali pasipo na mashine, na mteja hajui habari ya kontroli namba, hakuna kinachokumbuka. Kuna daftari lako tu.

Na siku hizi nachomelea. Nina karakana ndogo upande wa Unga Limited. Nipe vipimo vya ile pete ya goli, nitakuja kuiweka mwenyewe, sitaki hela.

---

Mkazi wa Njiro

Dawa ni moja tu, wampe mwekezaji. Halmashauri haiwezi kuendesha ukumbi, haiwezi kuendesha choo. Mwekezaji alipe kodi ya mwezi ijulikane moja, mchezo wa kukwepa risiti unaisha siku hiyohiyo.

---

Kocha wa Jioni

Ahsanteni sana. Mzee wa Moshi, shikamoo. Nimekusoma mara nyingi kuliko unavyodhani, hadi nimenakili ile sehemu ya jedwali kwa mkono.

Nimerudi kwenye daftari. Siku za bure ni nne: mikutano miwili ya mtaa, chanjo ya watoto, na siku moja ya semina ya walimu. Kwa hiyo ni 27, sio 31. Nimefurahi kulijua hili nikiwa nyumbani. Kuhusu waliolipa Septemba, sina namna ya kujua hadi nione namba.

Kijana wangu, Mungu akubariki. Pete ya netiboli kipenyo cha ndani ni milimita 380, na inakaa mita 3.05 kutoka chini. Nguzo ipo na imesimama vizuri, ni pete tu. Ulichoandika kuhusu bomba kimenifanya nimtazame mtunza ukumbi wetu kwa namna nyingine. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, anakaa pale usiku na mchana, na sijawahi kujiuliza analipwa lini.

Ndugu wa Njiro, nakuheshimu, lakini hapana. Mimi nimeona kiwanja kilichopewa mwekezaji. Kilizungushiwa uzio, zikawekwa taa nzuri na nyasi bandia, na kucheza saa moja ikawa kwa malipo. Wanaume wenye kazi wakachangishana, wakacheza. Binti wa darasa la sita atachangishana na nani? Mwekezaji anaweza kulipa kodi yote kwa wakati na hesabu zikanyooka, na bado kiwanja kikawa kimepotea. Mimi sitaki hesabu ninyooshewe kwa kuwatoa wenye kiwanja.

Kinachonikwaza sasa ni huyu mama. Nikipeleka tarehe ya send-off yake, kila mtu mtaani atajua ni nani.

---

Diwani wa Zamani

Dada yangu, nimekaa udiwani wa viti maalumu miaka kumi, kwa hiyo nitasema upande wangu.

Hayo ya yule mama, peleka tarehe bila majina. Safu ya jedwali inasema "send-off", haisemi ya nani. Mkaguzi akitaka jina atalitafuta kwa njia zake, na mtu aliyelipa kwa namba ya mtu binafsi anaweza kuitwa kama shahidi. Lakini nenda ukamwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Hilo ni la utu, wala si la sheria.

Jambo ambalo mzee hakuligusa ni diwani wako. Diwani anakaa kwenye baraza, na taarifa za mapato za robo zinapita kwenye kamati ya fedha kabla ya kufika barazani. Tatizo ni kwamba zinapita kwa jumla, kama mnavyosomewa ninyi. Nimekaa kwenye vikao vile. Unapewa kitabu kinene asubuhi, ukumbi wenu ni mstari mmoja ukurasa wa arobaini na kitu, kati ya ada ya machinjio na ushuru wa vizimba. Hakuna diwani atakayeusimamia mstari huo asipopewa kitu mkononi. Mpe kitu mkononi. Karatasi moja: siku zilizotumika, siku zenye namba, tofauti. Atauliza, na swali lake litaandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari haufutiki.

Mwezi Aprili ripoti za CAG huwekwa mezani bungeni. Chukueni ile ya Serikali za Mitaa muisome pamoja kwenye kamati yenu. Makusanyo ya POS yasiyofika benki ni jambo linalojirudia humo, na baadaye kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, huwaita wakurugenzi wajieleze. Wajumbe wenzako wakiona kwamba swali lako linaulizwa na watu wakubwa namna ile, hawatakuona mchochezi.

TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba ni 113, kupiga ni bure. Ningeanza na mkaguzi wa ndani, lakini mtu akianza kukutisha au daftari za ukumbi zikianza kupotea, usisubiri kikao.

---

Mstaafu wa Hazina

Diwani amesema kweli. Niongeze neno moja tu kwa kocha: daftari lako halisi lisitoke mkononi mwako. Toa nakala.

---

Kocha wa Jioni

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki tano, na kikao cha Aprili tumekaa Jumatatu iliyopita. Niliahidi moyoni kuwaandikia, iwe heri iwe shari.

Nilianza na yule mama. Nilimwendea nyumbani jioni, nikamweleza kwamba nitapeleka tarehe kwenye kamati, jina lake silitaji. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Kwani mimi nimeiba?" Nikamwambia hapana, lakini ile 120,000 haikufika ilikotakiwa kufika, na mabinti wanashikiana kanga chooni. Alinyamaza. Hajaleta kazi tena kwangu, na kanisani tunasalimiana kwa mbali. Sijui kama nilikosea kuongea. Ila nisingeweza kukaa kwenye kile kikao nikiwa nimemficha.

Barua tulisaini wanne kati ya saba: mimi, mwenyekiti wa mtaa, mwakilishi wa vijana, na mama mmoja mwenye kibanda pale mbele. Mwenyekiti wa mtaa alisita, akaisoma mara mbili akitafuta tuhuma. Hakuiona, akasaini. Nililiandika jedwali kama mzee alivyosema, neno kwa neno. Masjala walitaka kuipokea bila kugonga nakala yangu. Nikasema nitasubiri. Nilisubiri saa nzima kwenye benchi na pochi mapajani. Yule dada akaja na muhuri mwishowe, wino ulikuwa umekauka, akagonga mara tatu ndipo neno IMEPOKELEWA likasomeka. Nakala hiyo nimeitia plastiki.

Kikaoni jedwali lililetwa. Kumbe mzee alikuwa sahihi kwa kila kitu. Katika siku zangu 27, tatu zililipwa Septemba. Na katika yale malipo 13 tuliyosomewa, moja lilikuwa la harusi ya Januari. Kwa hiyo siku zenye kontroli namba ni 15. Zilizobaki ni 12. Siku 12 hizo hazikuwa kwenye jedwali kabisa. Sio kwamba safu ya namba ilikuwa tupu, tarehe zenyewe hazikuwapo, kana kwamba ukumbi ulifungwa. Kwa bei ya mlangoni ni 1,800,000.

Nikaomba ruhusa nikazisoma tarehe zote 12, polepole, na kilichofanyika kila siku. Kipaimara. Send-off. Ubarikio. Kikundi cha kuweka na kukopa. Kipaimara. Sikutaja familia hata moja. Mwakilishi wa vijana akawa anaitikia, "Siku hiyo mimi nilipiga muziki." Alisema hivyo kwa tarehe nne.

Mtunza ukumbi alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilipomaliza, aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa karatasi zilizokunjwa, zimelainika kwa jasho hadi mikunjo imechanika. Risiti ya pampu. Risiti ya taa. Karatasi ya fundi bomba isiyo na muhuri. Akaziweka mezani bila kusema neno. Nilimkumbuka kijana wetu wa stendi, nikashindwa kumtazama yule baba usoni. Jumla ya karatasi zile, mhasibu alipoziorodhesha, ni 385,000. Fedha nyingine zote za zile siku 12 hakuna aliyezisemea, na mimi sidhani kwamba zote ziliishia kwake. Ile namba ya simu niliyoiona kwa mama haikuwa na jina lake.

Katibu akasema suala lipelekwe kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa akataka iandikwe kwenye muhtasari na siku ya kupelekwa, ikaandikwa. Nimetoa nakala ya kurasa zangu, daftari liko kabatini kwangu chini ya vitambaa. Diwani wetu nimempa ile karatasi moja. Akaisoma amesimama, akaniuliza swali moja tu, kama siku za bure nimeshazitoa. Nilijibu ndiyo bila kigugumizi.

Mambo mawili yamekubaliwa. Bango jipya mlangoni linasema malipo ni kwa kontroli namba tu na kwamba mtunza ukumbi hapokei fedha. Chini yake kumebandikwa ratiba ya mwezi: tarehe, shughuli, kontroli namba. Yeyote anayepita anaona. Jambo la mstari wa matengenezo kwenye bajeti ya Julai tumeambiwa tumechelewa kwa mwaka huu, tuombe kwenye mapitio ya nusu mwaka. Nimeandika tarehe.

Mlango wa choo bado. Pete ipo. Kijana alikuja Jumapili na mashine yake ya kuchomelea kwenye bodaboda, akapima kwa futi yangu ya cherehani kabla ya kuamini nguzo. Mabinti walikaa kwenye nyasi wakimtazama, wakiziba macho mwanga ulipowaka. Yule wa miaka 13 hakuwapo, ila mdogo wake alikuwapo.

Ratiba ya mlangoni nimeipiga picha leo. Mistari mitatu ya kwanza ina namba. Mstari wa nne, Jumamosi hii, umeandikwa "ubarikio", na sehemu ya namba ni tupu. Leo Jumatano. Nitapita tena Ijumaa tukimaliza mazoezi.